Kihamba, Mfongo na Kontena: Historia ya Kutenga Programu

Katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, huzungushiwa uzio wa masale, ilhali maji yake hutoka katika mfongo, mfereji unaochepushwa mtoni na kugawanywa kwa zamu chini ya uangalizi wa wazee. Kwa mtu anayeanza kujifunza makontena ya programu, mfano huu wa Wachagga huenda ukamfaa kuliko ule wa meli uliozoeleka. Kontena ni programu iliyofungwa pamoja na vitegemezi vyake vyote, lakini haina mfumo endeshi kamili wa kwake, kwa kuwa makontena yote ya kompyuta moja hutumia kiini kimoja, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu na nguvu ya kichakataji. Mashine pepe, iliyotangulia na iliyo na mfumo endeshi kamili wa kwake, ni sawa na kila kihamba kujichimbia kisima.

Katika kompyuta pia, masale yalipandwa kabla ya maji kugawanywa. Mwaka 1979 toleo la saba la mfumo endeshi wa Unix lilileta njia iitwayo chroot, iliyoifanya programu ione kabrasha moja kana kwamba ndilo diski nzima. Mwaka 2000 mfumo endeshi wa FreeBSD ukaongeza kile ambacho watunzi wake wenyewe walikiita jela, kilichotenga hata mtandao na watumiaji. Hata hivyo uzio peke yake haukutosha, kwani programu moja yenye uchu iliweza kumaliza kumbukumbu yote na kuwaacha majirani wakiwa wakavu. Mgawo ulianza kushughulikiwa mwaka 2006 na wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, ambao kazi yao iliitwa kwanza makontena ya michakato, kisha ikabadilishwa jina kuwa cgroups kwa sababu neno kontena lilikuwa limeshabebeshwa maana nyingi mno, na ikaingia rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2008.

Kwa hiyo Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, iliyooneshwa hadharani na mwasisi wake Solomon Hykes huko Santa Clara, Marekani, mwezi Machi 2013, haikuvumbua utengaji. Ilichofanya ni kuurahisisha na kuufanya usafirishike. Jina lenyewe lina maana ya kuli wa bandarini. Magunia ya kahawa ya Moshi, mji uliofikiwa na reli ya Tanga mwaka 1911, yalipakiwa kwa mabega ya watu, ilhali kontena la chuma, lililoanza safari zake za baharini kati ya Newark na Houston mwaka 1956, hupakiwa bila yeyote kujali kilichomo.

Faida ya hilo huonekana Tanzania, ambayo mwaka huohuo wa 2013 ilieneza nchi nzima DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuusimika kwa mkono kulidai lugha ya Java, seva ya Tomcat na hifadhidata ya PostgreSQL, kila kimoja kwa toleo linaloafikiana na vingine, kazi iliyoweza kula siku nzima. Siku hizi DHIS2 hutolewa pia kama taswira, yaani nakala iliyogandishwa ya programu na vitegemezi vyake, ambayo ikiwashwa ndiyo huwa kontena. Anayejifunza huandika faili fupi inayotaja hifadhidata na programu, kisha akatoa amri moja. Kosa linalomgharimu zaidi ni kuacha takwimu ndani ya kontena lenyewe, kwani likifutwa nazo hupotea, isipokuwa zimewekwa katika hifadhi ya nje iliyounganishwa nalo.

Hata hivyo, uzio huu wa kontena si ukuta. Mwezi Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika runc, chombo ambacho Docker hukitumia kuwasha makontena, iliyomwezesha aliye ndani ya kontena kukibadilisha chombo hicho na kupata mamlaka yote ya kompyuta mwenyeji, sawa na jirani mmoja kuvuka masale na kushika lango la mfongo.