Mzee Fenn, Yale na Unyunyu wa Umeme

Mwaka 2027 itatimia nusu karne tangu Graham Cooks, mzaliwa wa Afrika Kusini na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alipotangaza pamoja na wenziwe namna ya kuzitua ioni, yaani chembe zenye umeme, juu ya bamba kwa upole, zisivunjike; na kwa kuwa fani hiyo imekwisha kuoana na unyunyu wa umeme, yaani kunyunyiza kimiminika katika matone yenye umeme, unaotumika leo kujengea vihisio na mata za kipimo cha nano, si haba tukisimulia masaibu ya yule aliyeupatia unyunyu huo heshima yake.

Asili ya unyunyu huo ni ya zamani: mwanafizikia Rayleigh alikadiria mwaka 1882 kiasi cha umeme ambacho tone laweza kuchukua kabla ya kupasuka, Zeleny akaupiga picha, Taylor akaeleza umbo lake la pia mwaka 1964, na Dole akaujaribu kwa molekuli kubwa mwaka 1968. Huko Leningrad Lidia Gall na wenziwe waliufikisha mbali mwaka 1984, lakini aghalabu hupitwa kimya, jambo lisilo la insafu.

Sifa zilimwendea mkemia John Fenn wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alipotimiza miaka 70 mwaka 1987 kanuni ya chuo ilimstaafisha. Naye, katika umri ambao wengine hukaa barazani, mwaka uliofuata akaonyesha kwamba kwa unyunyu huo protini nzima zaweza kurushwa hewani na kupimwa uzito, kazi ambayo katika hotuba yake ya Nobel aliifananisha na kuwapa ndovu mabawa. Hataza ya njia hiyo akaiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Yale ikadai ni mali yake, na daawa ikaendelea hata baada ya Nobel ya 2002, aliyoipata akiwa na miaka 85 pamoja na wanasayansi Tanaka na Wüthrich. Mwaka 2005 jaji wa shirikisho, akihukumu kwamba mzee aliificha thamani ya uvumbuzi wake, akamtoza zaidi ya dola 1,000,000. Sheria ina mantiki yake, wala mtumishi hana ruhusa ya kuficha. Ila chuo kinachomwona mtu amekwisha, kisha kikaidai kazi yake, hakipendezi machoni.

Fenn alifariki mwaka 2010, lakini unyunyu ukaendelea kuzaa matunda. Mwaka 2014 kundi la Cooks lilinyunyiza ioni za fedha katika hewa ya kawaida, likazikusanya katika doa la mikroni 20, nalo likaukuza mwanga wa Raman, yaani ule unaotawanywa na molekuli na kuzitambulisha, kwa wastani wa mara milioni 100, hata kitu kidogo mno kikatambulika kwa leza. Kisha mtafiti Pradeep wa taasisi ya IIT Madras, India, akishirikiana na Cooks, akaotesha brashi za nano za fedha kwa unyunyu uo huo.