Jeshi katika karantini

Wanajeshi wanapoitwa kuisaidia serikali ya kiraia wakati wa mlipuko wa ugonjwa, hupewa kazi za aina mbili: kubeba (dawa, mahema, chakula, waganga) na kuzuia watu (vizuizi vya barabarani, doria, kukamata). Kazi ya kwanza imeokoa wengi. Ya pili huvunja imani ya wananchi upesi, na imani ikivunjika wagonjwa hufichwa.

Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani huduma ya afya ya serikali ilianzia mikononi mwa madaktari wa jeshi la kikoloni. Tauni ilipozuka Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa jeshi hilo, Zupitza, alikuwa miongoni mwa walioichunguza, naye mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch akaitambua.

Tauni iliingia Lushoto, katika Usambara Magharibi, mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka 20 ilirudi mara kwa mara, hasa upande wa Shume, na waliougua walipita 7,000, wengi wao wanawake na watoto. Ishara ya hatari ilikuwa panya kufa ovyo ndani ya nyumba. Mahindi yaliyowekwa darini huwavuta panya. Panya wakifa, viroboto huwahamia watu, hasa wanaolala chini. Kisha huja homa kali na mtoki kinenani au kwapani. Antibiotiki ikiwahi, mgonjwa hupona. Mtaalamu wa afya alilazimika kuingia mpaka chumba cha kulala, kunyunyiza dawa ya viroboto kwenye mashimo ya panya na kuuliza nani ana homa. Mlango wa chumba hicho hufunguliwa na mama mwenye nyumba kwa hiari yake. Mtu mwenye bunduki angeukuta wazi, lakini mgonjwa keshapelekwa kwa jamaa bonde la pili.

Mwaka 2020 Tanzania haikuweka zuio la kutoka nje kwa sababu ya korona: shule zilifungwa Machi, masoko yakaendelea. Katika nchi jirani ya Uganda, jeshi na askari wa akiba wa LDU (vikosi vya ulinzi wa mitaa) walisimamia amri ya kutotoka usiku, na jeshi likashiriki kugawa posho na maharage Kampala na Wakiso. Chakula kilipokelewa kwa shukrani. Lakini kuwapiga watu fimbo kulizaa malalamiko mengi hata LDU wakaondolewa barabarani Julai kwenda kufunzwa upya. Huko Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wahudumu wa Ebola waliosindikizwa na askari kati ya 2018 na 2020 walitiliwa shaka zaidi. Monrovia, Liberia, Agosti 2014, mtaa wa West Point ulizingirwa na askari, kijana akauawa kwa risasi, na uzio ukaondolewa baada ya siku chache. Katika nchi jirani ya Sierra Leone, jeshi la Uingereza lilisaidia kujenga vituo vya tiba, jambo lililohitajika kweli.

Tukirudi Lushoto, jiografia ya Usambara nayo ina la kusema kuhusu vizuizi. Barabara kuu ya lami hupanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33. Kizuizi cha jeshi pale Mombo kingesimamisha malori ya kabichi, nyanya na viazi yaendayo Dar es Salaam, na mkulima angepoteza msimu wake. Lakini waendao kwa miguu hushuka kwa njia za mapito kutoka Mtae na vijiji vingine mpaka tambarare ya Mkomazi, na askari wa Mombo hawangewaona. Jeshi lingefaa zaidi likipewa magari ya kupandisha dawa Shume na Mlalo wakati wa masika, tope linapokwamisha gari la zahanati.