Askari Wawili Mbele ya Kamera



Majuzi, hapa Moshi, niliitazama tena filamu ya zamani ya Kimarekani, The Best Years of Our Lives, ya mwaka 1946. Inahusu wanajeshi watatu wanaorudi makwao baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuna mapigano ndani yake, lakini ukimaliza kuitazama, vita unavichukia.

Aliyenigusa zaidi ni Harold Russell. Huyu hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa askari aliyepoteza mikono yote miwili mwaka 1944, baruti ilipomlipukia mafunzoni, akawekewa ndoano za chuma. Katika filamu anamwonyesha mchumba wake jinsi anavyozivua usiku, na jinsi anavyobaki hawezi hata kufungua mlango upepo ukiufunga. Halii wala hapazi sauti. Anaeleza tu, na anayelia ni mtazamaji. Kwa sehemu hiyo moja alipata tuzo mbili za Oscar.

Nikamkumbuka askari mwingine, wa kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Ujerumani walimjua kwa jina la Mohamed Husen. Vita vya 1914 vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka kumi, akaingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yao ya vita ambayo haikulipwa. Akakataliwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya mgahawani, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu.

Lakini aliigiza nini? Russell aliachiwa aseme habari zake mwenyewe. Husen alipewa sehemu za boi na mtumishi. Mwaka 1941 alitokea katika filamu ya Wanazi iliyomtukuza Carl Peters. Sisi wa chini ya Mawenzi tunayo habari ya Peters. Akiwa kamishna wa Wajerumani huku Kilimanjaro, mwaka 1891 na 1892, aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja. Hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Huyo ndiye aliyefanywa shujaa, na askari wetu akasimamishwa kando yake kama mkalimani.

Mwaka huohuo wa 1941 Husen alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Ilikuwa mpaka mwaka 2013 ndipo Mjerumani Eva Knopf alipotoa filamu inayomhusu yeye mwenyewe.

Nguvu ya Russell haikutokana na chuo cha maigizo. Ilitokana na kuachiwa aseme kweli. Husen naye alikuwa na kweli yake: vita vya utotoni, baba, mshahara uliodhulumiwa. Hakuna aliyeelekeza kamera huko akiwa hai.

Wazee wetu wa Burma karibu wote wametangulia mbele ya haki. Wale wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bado tunao, wengine ni majirani zetu. Enyi vijana wenye kamera, nendeni mkawaulize, kisha mnyamaze msikilize. Askari asiyeulizwa husimuliwa na wengine.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.