Watu wa Vyuma: Historia Fupi ya Kocha wa Viungo katika Futiboli ya Vyuo Marekani

Boyd Epley alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mrukaji wa upondo, na mgongo ulikuwa umemharibikia. Muda wake mwingi aliumalizia kwenye chumba cha vyuma, akijitibu kwa kunyanyua. Wachezaji wa futiboli waliokuwa majeruhi nao walipita humo, wakaanza kumuiga. Kocha msaidizi Tom Osborne akaona jambo la ajabu: majeruhi walikuwa wanarudi uwanjani na nguvu kuliko wenzao wazima. Akamwita. Hiyo ni 1969.

(Futiboli hapa si soka letu. Ni ule mchezo wa Kimarekani wa helmeti na mabega ya plastiki, ambapo jitu la kilo 140 linamsukuma jitu lenzake. Kwa vyuo vikubwa vya kule ni biashara ya mamilioni.)

Kocha mkuu, Bob Devaney, hakuvutiwa sana. Alikubali kwa sharti ambalo Epley amelisimulia mara nyingi: mchezaji hata mmoja akipungua kasi, huna kazi. Malipo yakaanza na dola 2 kwa saa. Tusimcheke Devaney. Enzi hizo makocha wengi waliamini vyuma vinamfanya mtu awe mzito, ashindwe hata kugeuka. Imani hiyo si ngeni. Mtaani kwetu pia ukionekana unapiga vyuma unaambiwa mpira basi tena, nenda ukawe baunsa. Ila Devaney alikuwa amebanwa. Misimu ya 1967 na 1968 yote alishinda mechi 6 na kupoteza 4, na mechi ya mwisho ya 1968 alichapwa 47–0 na Oklahoma. Mtu aliyechapwa 47 husikiliza hata asiyotaka kusikia.

Mwaka 1970 Nebraska wakachukua ubingwa wa taifa, na 1971 tena. Vyuma peke yake haviletei mtu kombe, lakini wapinzani hawakungoja ushahidi zaidi. Kila chuo kikaanza kumtafuta Epley wake. Mwaka 1978 mwenyewe akaanzisha chama cha makocha wa viungo. Kikao cha kwanza kilikuwa na watu 76.

Epley hakuwa wa kwanza kabisa kuliona jambo hili. Kule Louisiana, Alvin Roy alikuwa ameshawanyanyulisha vyuma vijana wa sekondari ya Istrouma mwaka 1955, kisha Chuo Kikuu cha LSU, kilichokuwa bingwa wa 1958. Roy huyohuyo alipoajiriwa na San Diego Chargers, timu ya kulipwa, mwaka 1963, vyuma vilikuja pamoja na vidonge vya Dianabol, kama wachezaji wake walivyokuja kueleza baadaye. Kazi hii ilizaliwa na doa.

Na ilirithi kitu kingine cha zamani zaidi: mateso kama shule. Mwaka 1954 Bear Bryant, kocha mpya wa Texas A&M, aliwapakia vijana wake kwenye mabasi hadi mji mdogo wa Junction. Siku kumi, ukame, jua kali, maji ya kunywa marufuku mazoezini. Wengi walitoroka, wengine usiku. Mmoja alianguka kwa joto, nusura afe. Jim Dent aliandika kitabu juu ya kambi hiyo, The Junction Boys, na 2002 ikatoka filamu. Kinachosimuliwa kwa sauti kubwa ni ubingwa wa ukanda wa 1956, kana kwamba kiu ndiyo iliyouleta. Msimu uliofuata kambi yenyewe, A&M walishinda mechi moja na kupoteza tisa. Sijui kwa nini namba hiyo haimkereketi mtu.

Wenye vyuma nao waligawanyika. Arthur Jones, mwenye mashine za Nautilus, alihubiri kuanzia 1970 kwamba seti moja inatosha, ila uinyanyue hadi msuli ugome kabisa. Mike Gittleson aliifuata njia hiyo Michigan tangu 1978. Nebraska walibaki na vyuma huru: kunyanyua kwa kasi, kuchuchumaa na mzigo, kupima kila kitu. Pande hizi mbili zilibishana kama madhehebu. Kisha 1997 Michigan wakamaliza bila kufungwa, Nebraska bila kufungwa, hawakukutana, na ubingwa wakagawana: kura za waandishi zikaenda Michigan, za makocha zikaenda Nebraska. Mwaka 2008 Michigan wakapata kocha mkuu mpya, Gittleson akaondoka, akaingia Mike Barwis na vyuma huru vyake. Msimu huo wakashinda mechi tatu, wakapoteza tisa.

Hapo ndipo udhaifu wa kazi hii unapoonekana. Nje ya msimu kanuni za NCAA zinambana kocha mkuu asikae sana na wachezaji, kwa hiyo anayeshinda nao alfajiri hadi alfajiri ni kocha wa viungo. Anawajenga miili, na tabia pia. Lakini ajira yake iko mfukoni mwa kocha mkuu. Bosi akifukuzwa, naye anafunga virago. Bosi akitaka vijana "wagumu", nani atamwambia leo inatosha?

Januari 2011 wachezaji 13 wa Iowa walilazwa baada ya mazoezi: misuli ilikuwa imevunjika na kumwaga uchafu wake kwenye damu hadi kutishia figo. Walipona. Jordan McNair wa Maryland hakupona. Tarehe 29 Mei 2018, akiwa na miaka 19, alikuwa anakimbia mbio za yadi 110 pamoja na wenzake. Akaishiwa nguvu, wakamshika mkono amalizie. Zaidi ya saa moja ilipita tangu dalili zilipoonekana hadi ambulensi ilipoondoka naye. Alifariki Juni 13. Kocha wa viungo alijiuzulu, kocha mkuu akafukuzwa Oktoba, na rais wa chuo akakiri kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili.

Tiba ya kiharusi cha joto ilikuwa inajulikana, na ni rahisi: mzamishe mgonjwa kwenye beseni la maji ya barafu, hapohapo uwanjani, kabla ya kumpeleka popote. Siku ile hakuzamishwa. Wazazi wake walianzisha taasisi yenye jina lake, na moja ya kazi zake ni kugawa mabeseni hayo.