Pundamilia Hana Breki

Juzi nilisimama penye mistari ya pundamilia hapa Dar es Salaam, nimemshika mjukuu wangu mkono. Magari yalipita mfululizo. Hata moja halikupunguza mwendo.

Mistari hiyo ina historia. Mwaka 1934 Waingereza walisimika nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa kwenye vivuko, lakini kivuko chenyewe dereva hakukiona vizuri kutoka mbali. Mwaka 1949 wakajaribu mistari ya rangi mbalimbali. Mwaka 1951 nyeusi na nyeupe ikaingia katika sheria: aliyekwisha kuikanyaga mistari, gari limpishe.

Sheria, si rangi. Rangi haisimamishi gari. Anayelisimamisha ni dereva, ambaye akishaliegesha, naye ni mwenda kwa miguu.