Fupa la ngamia na kalamu ya Salme

Mwaka 1859 ukoo wa kifalme wa Unguja ulikuwa umepasuka. Sultani Sayyid Said alikuwa amekufa baharini miaka mitatu nyuma, mwanawe Majid ameshika kiti, na Barghash, mwana mwingine, anakitaka. Waliokula njama na Barghash walihitaji mtu wa kuwaandikia barua, tena mtu wa siri. Kazi hiyo haikumwangukia karani wala mwanachuoni. Ilimwangukia Salme, dada wa Majid na Barghash, binti wa miaka 15, kwa sababu moja tu: alijua kuandika.

Hilo halikuwa jambo la kawaida jumbani.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, mama yake akiwa suria Msirkasi aitwaye Jilfidan. Watoto wa Sayyid Said hawakwenda chuoni mjini kama watoto wengine. Mwalimu ndiye aliyeletwa nyumbani, mwanamke kutoka Omani, mkali, na akiugua watoto walishangilia kwa kuwa hapakuwa na wa kumshikia nafasi. Darasa lenyewe lilikuwa baraza wazi iliyotandikwa mkeka. Vifaa havikuzidi mkono mmoja: msahafu juu ya marufaa, kidau cha wino uliotengenezwa papo hapo nyumbani, kalamu ya mwanzi, na fupa la bega la ngamia lililosafishwa likawa jeupe. Fupa hilo ndilo lililokuwa ubao. Lilikuwa pana na laini, na wino ulipangusika.

Mtoto alianza akiwa na umri wa miaka sita au saba, wa kiume na wa kike pamoja. Wote walisoma Qurani. Ilipofika zamu ya kuandika, wavulana walishika kalamu na wasichana wakabaki na msahafu, maana mwandiko wa mwanamke ulihesabiwa kuwa utovu wa haya. Malezi ya jumbani hayakuwa ya kumdekeza msichana hata hivyo. Salme alifundishwa kupanda farasi na kulenga shabaha. Bunduki iliruhusiwa, kalamu ikakatazwa.

Sheria hiyo haikuwa ya pwani nzima. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alitunga mwaka 1858 utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Ni somo la nyumbani hilo, mama kwa mwana, na limebaki likisomwa hadi leo. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, katika kisiwa hicho, aliyepambana na majeshi ya baba yake Salme.

Salme hakungoja ruhusa. Alichukua fupa lake, akafungua msahafu, akawa anaiga herufi moja moja kwa siri, jinsi zilivyo, mpaka mkono ukazoea. Habari zilipovuja alilaumiwa sana. Hakujali.

Kisha zikaja barua za mwaka 1859. Barghash alikimbilia shamba la Marseille, Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukazimwa na Barghash akapelekwa Bombay. Salme, ambaye utotoni alikuwa ameishi na Majid na kupendwa naye, alibaki amekosana na nusu ya ndugu zake. Wale waliokuwa wakisema kalamu itamponza msichana bila shaka walijiona wameshinda, ingawa njama ile ilipangwa na wanaume, yeye akaandika tu.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Alibatizwa Aden akaitwa Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, wakahamia Ujerumani. Mwaka 1870 mume huyo aliumizwa na tramu, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mjane alijitafutia riziki kwa kufundisha Kiarabu.

Watoto wale walikua Wajerumani. Juu ya asili ya mama yao hawakujua mengi zaidi ya kwamba yeye ni Mwarabu na ametoka Unguja. Kwa ajili yao alianza kuandika, kwa Kijerumani safari hii: Mtoni, baraza, mwalimu wa Omani, fupa la ngamia. Kumbukumbu hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1886.