Nani aliwafundisha wakubwa wa jeshi letu?



Kwenye mkutano wetu wa mwisho tulipokea barua mbili za vijana wetu waliomaliza masomo ya sekondari. Wanataka kujaribu kuingia Akademi ya Kijeshi ya Kananga, pale wanapofundishwa wanafunzi-maofisa. Wanaomba kikundi kiwasaidie nauli ya treni, kupitia Tenke na Kamina, pamoja na gharama ya makaratasi. Baba mzee mmoja akasimama, akasema: "Bunduki ilishakula ba baba yetu. Sasa mutaipatia na batoto?" Watu wakanyamaza. Wengi wetu tulirudi hapa kutoka Angola na Zambia, na tunajua alikuwa anasema nini.

Kabla ya kupiga kura, tumeona ni vizuri tukumbushane historia. Kila mmoja wetu anajua kipande chake. Kwa kuviunganisha tutaona kitu kimoja: watu wetu walifundishwa kupiga bunduki mara nyingi, lakini kufundishwa kuongoza wenye bunduki, hiyo ilikuwa adimu.

Tuanze na mwaka 1960. Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000 na maofisa wa Kibelgiji karibu 1,000. Ofisa Mkongo hakuwepo hata mmoja. Shule ya kijeshi ya Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, ilikuwa inatoa masajini na makarani. Mobutu alipita pale kama karani. Tarehe 5 Julai, siku tano baada ya uhuru, askari wakaasi. Katika siku chache masajini wakageuzwa maofisa. Victor Lundula, sajini wa zamani aliyekuwa meya huko Jadotville, ndiyo Likasi yetu, akafanywa jenerali. Kosa halikuwa lao. Mkoloni alikuwa na miaka mingi ya kuwafundisha, na hakutaka.

Hapa kwetu Katanga, Tshombe alitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960. Jeshi lake la majandarme liliundwa na maofisa wa Kibelgiji, kiisha wakaja mamluki. Baba zetu walijifunza vita vizuri, lakini walijifunza wakiwa chini ya amri ya watu wengine. Januari 1963 jeshi la Umoja wa Mataifa liliingia Kolwezi, na majandarme wengi wakavuka mpaka kwenda Angola. Mwaka 1964 Tshombe alipopata uwaziri mkuu aliwarudisha kupigana na Wasimba. Maasi ya Kisangani yakafuata, 1966 na 1967, na wengi wakajikuta tena Angola.

Huko Wareno waliwatumia dhidi ya Waangola waliokuwa wanapigania uhuru wao. Mwaka 1968 chama cha FLNC kikaundwa, kikiongozwa na Nathanaël Mbumba. Mwaka 1975 haohao wakapigana upande wa MPLA. Tuangalie vizuri: kwa miaka kumi na tano tu walibadilisha mabwana Wabelgiji, mamluki, Wareno na MPLA. Njo vile, ujuzi wa bunduki ulibaki kwa baba zetu, lakini uamuzi wa wapi waielekeze ulikuwa kwa wengine.

Na upande wa Serikali je? Mobutu alileta walimu kutoka kila pembe ya dunia. Waisraeli walifundisha waparashuti, Wakorea Kaskazini wakafundisha divisheni ya Kamanyola, Wabelgiji na Wafaransa nao wakachukua vikosi vyao. Kila mgeni na kitabu chake. Vijana wa chuo kikuu hawakuachwa: Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium huko Kinshasa walitaka kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Mobutu akafunga chuo na kuwaingiza jeshini kwa nguvu. Mafunzo ya kijeshi yakawa fimbo ya kuwachapa wasomi. Na Machi 1978 kundi la maofisa walioshtakiwa kupanga kumpindua liliuawa, na wengine wengi waliosomea kazi hiyo nje ya nchi wakafukuzwa. Mtu anasomesha maofisa kwa miaka mingi, kiisha anawaogopa.

Matunda yake tuliyaona hapa mlangoni. Tarehe 8 Machi 1977 FLNC iliingia kutoka Angola, ikafika karibu na Kolwezi. Jeshi la Zaire lilishindwa kuizuia mpaka wanajeshi wa Morocco walipokuja. Tarehe 13 Mei 1978 ikaingia mjini kabisa. Wafaransa waliruka na miavuli tarehe 19 Mei, na Wabelgiji wakafika siku iliyofuata. Wazungu zaidi ya 100 walikufa, na Wakongo mamia. Wazee wetu wanasimulia juu ya bunduki zilizofika mikononi mwa vijana wa mitaani bila mkubwa wa kuwaamuru, na juu ya askari wa Serikali waliokuja nyuma kulipiza kisasi kwa raia. Njo tulikimbia. Tena mwaka 1997 tuliona makadogo wakipita na AFDL, watoto wa shule waliofundishwa bunduki kwa muda mfupi tu.

Sasa, mwanafunzi-ofisa anafundishwa nini zaidi ya hayo? Anafundishwa kusoma ramani na kutazama ardhi: mto, kilima, barabara, kijiji. Anafundishwa kutoa amri inayoeleweka: adui yuko wapi, kazi yetu ni gani, tutaifanya namna gani, chakula na risasi zitatoka wapi, nani anachukua uongozi mimi nikianguka. Anafundishwa kwamba kundi moja likisonga mbele, lingine linabaki kulilinda. Swali la chakula si dogo. Askari ambaye mkubwa wake hakupanga chakula atakula mbuzi na mihogo ya mama zetu. Na anafundishwa sheria: mfungwa, majeruhi na raia hawaguswi. Mikataba ya Geneva ni ya 1949, na nyongeza zake zilipitishwa tarehe 8 Juni 1977, katikati ya vita vyetu viwili. Mikataba ilikuwepo, lakini karatasi peke yake haizuii mtu kama mwenye kuamuru hakuifundishwa, au hataki kuifuata.

Hatusemi kwamba shule inatosha. Ofisa aliyesoma anaweza kuwa mwizi, na anaweza kutii amri mbaya. Baba mzee ana haki ya kuogopa. Lakini mmoja wa vijana wale alimjibu kwa heshima: "Baba, jeshi litakuwepo tu. Kama sisi hatuingie mule, ni nani atawakataza kutufanyia kama zamani?" Swali hilo limetusumbua tangu siku ile.

Kamati inapendekeza hivi. Kwanza, pesa za wafadhili zisiguswe. Zilitolewa kwa karo ya watoto na nyumba za waliorudi, na zitabaki huko. Pili, anayekubali achangie kwa hiari yake kwenye mfuko wa pembeni, kama tunavyofanya likelemba, kwa nauli na makaratasi tu. Tatu, kabla ya kusafiri, vijana wote wawili wakae siku nzima na wazee walioona 1977 na 1978, wasikie yote bila kufichwa kitu. Baba mzee yule tumemuomba awe wa kwanza kusema. Amekubali kuwasimulia. Kuchanga, amesema bado anafikiri.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mwenye neno alilete, hata kama ni la kukataa.